MAKAA YA MSUMBIJI NA MANOWARI YA RUFIJI



Leo tunazitazama bandari za jirani zetu wa Msumbiji, na jambo lililotendeka huko mwaka 1914. Hapakulia mzinga, wala hapakumwagika damu. Watu walinunua makaa ya mawe, wakalipa. Lakini biashara hiyo iliidhoofisha manowari nzima.

Tarehe 31 Julai, 1914, siku chache kabla ya Waingereza na Wajerumani kuingia vitani, manowari ya Kijerumani Königsberg iliondoka Dar es Salaam. Ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105, na kwa mbio iliziacha nyuma manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiivizia. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: iliendeshwa kwa makaa ya mawe, nazo njia za bahari zilikuwa mikononi mwa adui.

Waingereza waliutambua udhaifu huo. Waliizuia meli ya Koenig isitoke Dar es Salaam na shehena ya makaa. Kisha wakayanunua makaa yote yaliyokuwako Msumbiji, iliyokuwa koloni la Wareno. Ureno haikuingia vitani na Ujerumani hadi Machi 1916. Bandari zake zilikuwa soko, na sokoni hupata aliyetangulia.

Tarehe 6 Agosti, karibu na Omani, Königsberg iliiteka meli ya City of Winchester na kuchukua makaa yake. Hata hivyo ilikaribia kuishiwa kabisa kabla ya kukutana na meli yake ya akiba, Somali, iliyoipa tani 850. Ndipo ilipojificha katika mikoko ya Rufiji. Tarehe 20 Septemba iliizamisha manowari ya Pegasus bandarini Unguja, lakini mitambo yake iliharibika, ikarudi Rufiji. Huko ikagunduliwa na kuzingirwa.

Ujerumani ilituma meli ya Rubens na tani 1,600 za makaa. Waingereza waliikuta Manza, kaskazini ya Tanga, mwezi Aprili 1915, wakaishambulia. Makaa hayakufika. Tarehe 11 Julai, 1915, Königsberg iliangamia palepale Rufiji.

Mizinga yake yote 10 iliopolewa, ikaendelea kupigana nchi kavu. Maana yake ni kwamba silaha zilikuwa bado nzima. Kilichokosekana ni cha kuzifikisha vitani.

Ndugu askari, makaa yamekwisha kuwapisha mafuta katika manowari, lakini kanuni haikubadilika. Anayelinda ghala la mafuta usiku yuko mstari wa mbele. Anayeiba dumu moja la mafuta ya jeshi amempunguzia mwenzake mwendo siku ya hatari, na polisi anayemfumbia macho mwizi huyo ameshirikiana naye. Aidha, ujirani mwema si adabu tu. Leo makaa ya Moatize husafirishwa ng'ambo kupitia Beira na Nacala. Bandari za jirani zingali milango ya nguvu za mataifa. Urafiki na mwenye mlango hujengwa wakati wa amani, kwani siku ya vita adui naye atakuja na fedha mkononi.

Wahenga walisema: Akiba haiozi. Tuilinde.