Kumpeleka Mtoto Shule na Kumfuata

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.



Halmashauri ya chama chetu imenitaka niseme machache, mimi niliye mzazi kama ninyi, juu ya siku ambayo mtoto apelekwa shule ya chekechea kwa mara ya kwanza. Labda wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo: mtoto wa miaka minne huvikwa sare, hushikwa mkono, hufikishwa mlangoni, basi. Lakini yafaa tukumbuke kuwa hiyo ndiyo siku ya kwanza ambayo mzazi amwacha mwanawe mikononi mwa mtu asiye wa ukoo wake. Mtoto ni amana, na amana haitolewi ovyo.

Twajua sote yanayotokea mlangoni pale. Mtoto hushika nguo ya mamaye na kulia, na wengine wakisikia hulia pia. Wahenga walisema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Maneno hayo ni ya kweli, wala hatuna budi kumpeleka mtoto hata akilia. Walakini wahenga hawakutuamuru tukidharau kilio chake. Mtume wetu, sala na amani zimshukie, alikuwa akisikia kilio cha mtoto msikitini huifupisha sala yake kwa kumhurumia mama wa mtoto yule. Ikiwa sala ilifupishwa kwa ajili ya kilio cha mtoto, sisi tuna haraka gani isiyoweza kungoja dakika tano?

Iko desturi moja ambayo napenda tuiache. Mzazi humwambia mtoto, “Nakwenda kununua maandazi, narudi sasa hivi,” kisha hutokomea mpaka mchana. Imepokewa katika Hadithi kwamba mama mmoja alimwita mwanawe akimwahidi kumpa kitu. Mtume akamwuliza alitaka kumpa nini, naye akajibu kuwa ni tende. Mtume akamwambia kuwa kama asingempa kitu, angaliandikiwa uwongo. Basi tusimfungulie mtoto mlango wa elimu kwa uwongo. Binti yangu alipolia siku yake ya kwanza, jirani mmoja mwema alinishauri nitoroke. Nilichuchumaa nikamwambia, “Mwanangu, mimi nakwenda kazini. Utacheza, utakula, kisha kabla ya adhana ya adhuhuri nitakufuata.” Alizidi kulia. Lakini saa sita kasoro robo nilikuwa mlangoni, na siku ya nne aliniacha mwenyewe akakimbilia wenzake. Alikuwa ameyapima maneno yangu siku tatu, akayaona kuwa ni ya kweli.

Ndugu zangu, habari hii ya kumpeleka mtoto na kumfuata si ya mlangoni tu. Tazameni kisa cha mama yake Nabii Musa katika Kurani. Aliamriwa amtie mwanawe mtoni, na Mwenyezi Mungu akamwahidi kumrudishia. Moyo wake ulikuwa mtupu kwa huzuni, hata hivyo alitii. Wala hakuketi nyumbani akangoja. Alimtuma dada yake Musa amfuatie kwa mbali, na kwa sababu ya kufuatiwa huko mtoto alirudi kifuani pa mamaye. Nabii Yakubu naye, baada ya kumpoteza Yusufu, hakukubali kumtoa mwanawe mwingine mpaka wenziwe wamempa ahadi mbele ya Mungu ya kumrudisha.

Sisi watu wa Buyenzi tuna sababu ya kuyatia moyoni mafunzo haya. Katika zama za Wabelgiji, yaani kabla ya Burundi kupata uhuru wake tarehe 1 Julai 1962, shule nyingi za nchi hii zilikuwa mikononi mwa misheni. Wazee wetu wengi waliwazuia watoto wao wasiende, wakawapeleka chuoni kusoma Kurani, kisha katika biashara, uvuvi, ushonaji na udereva. Tusiwaite wajinga. Walichelea kwamba mtoto angekwenda naye ni wao, akarudi si wao. Hofu hiyo ilikuwa na sababu, na gharama yake pia ilikuwa kubwa, kwani ulipofika wakati wa kushika kalamu maofisini, watoto wetu walikuwa wachache.

Leo hofu ile imepungua, nasi tumeangukia upande wa pili. Twampeleka mtoto, twalipa karo, kisha hatumfuati. Wako akina baba wasiolijua jina la mwalimu wa mtoto wao. Mtoto atoka nyumbani akisema Kiswahili, akutana na Kirundi na Kifaransa, na jioni hakuna amwulizaye amesikia nini wala ameimba nini. Mtoto wa namna hiyo amepelekwa, lakini hakufuatwa.

Wala asidhani mtu kuwa huko ni kucheza tu. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyeipa shule yake jina la bustani ya watoto mwaka 1840, alifanya michezo kuwa njia ya kufundishia. Na karne nyingi kabla yake Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alionya kwamba mtoto azuiwaye kucheza na kulemewa na masomo daima moyo wake hufa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, baba na mama waagane na mtoto kwa maneno ya kweli, wamfuate kwa saa waliyomwahidi. Pili, jioni mtoto aulizwe habari za siku yake, naye asikilizwe mpaka amalize. Tatu, kila mzazi aende kuonana na mwalimu walau mara moja kwa mwezi, bila kungoja kuitwa kwa deni wala kwa kosa. Haya hayahitaji fedha, na hakuna maskini miongoni mwetu asiyeyaweza.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awape walimu subira, na atupe sisi wazazi nguvu ya kutimiza ahadi zetu kwao. Amin.