Faili la maelezo lisilosomwa na mtu

Juma hili nina neno na mafundi wa programu za kompyuta. Mwaka 1976, katika maabara ya Bell kule Marekani, Stuart Feldman alitengeneza chombo kiitwacho Make. Mwenzake alikuwa amepoteza asubuhi nzima akisaka kosa alilokwisha kulisahihisha. Kumbe faili lililorekebishwa halikujengwa upya. Make huangalia kila faili lilibadilishwa lini, ikajenga upya yale tu yanayohusika. Basi.

Hata humo mlibaki mwiba: kila amri lazima itanguliwe na tabu, si nafasi za kawaida. Feldman aliiona kasoro hiyo mapema, akaiacha asiwasumbue watumiaji wake, kama kumi na wawili hivi. Kumi na wawili! Waliokuja nyuma wanailipia mpaka leo.

Siku hizi maelezo ya kujenga programu ndogo huwa msitu kuliko programu yenyewe. Mimi nasema amri tano zatosha. Kijana mgeni kazini atazisoma na kuzielewa siku hiyo hiyo. Wakuu wa miradi, lile faili lenu la mistari mia nane, nani kati yenu amelisoma lote?