Hodi ya usiku, na ile "karibu" yetu

Wababa, wamama, vijana, na ninyi wafadhili mutakaosoma maneno haya kwa mbali,

Kwetu mtu akipiga hodi tunajibu karibu. Tumelelewa hivyo. Lakini sisi tuliorudi Oicha, Eringeti na Mbau, ao tunaopanga vyumba Beni na Butembo, tunaogopa mlango kugongwa usiku. Kadi ya uchaguzi ilipotea mbioni, majirani hawatujui bado. Mwenye bunduki akiita, tunafungua tu.

Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2006 kinasema makao ya mtu hayaingiliwi. Msako unafanyika tu jinsi sheria inavyopanga. Kuanza msako kati ya saa tatu ya usiku na saa kumi na moja ya alfajiri kunaomba ruhusa ya hakimu. Na kodi ya penali, kifungu cha 69, inaazibu anayeingia kwa vitisho ao kwa kuvunja, wenyewe hawataki, bila amri ya wakubwa wala ruhusa ya sheria.

"Wenyewe hawataki": uzito wote uko hapo. Asiye na manda atasema ulimkaribisha. Kwetu sisi, kufungua juu ya woga si kukubali. Basi sema polepole, majirani wasikie: "Afande, nimefungua, lakini sijakubali msako. Naomba kuona manda." Bila matusi, bila kuziba njia.

Tusidanganyane lakini. Hali ya dharura ya kijeshi, ile tunaita eta de sieji, ilianza huku Kivu ya Kaskazini na Ituri tarehe 6/5/2021, na ordonansi 21/016 inapatia wakubwa wa jeshi uwezo wa kusaka mchana na usiku. Usiku wa namna hiyo "sijakubali" yako haitawarudisha. Itakusaidia kesho, mbele ya parke. Muombe pia karatasi ya vitu vinavyochukuliwa, moja moja, na sinyatire. Simu ao pesa ya mbegu ikienda bila karatasi, utaidai kwa nani?

Wapangaji wanauliza: na kama mwenye nyumba ndiye amekubali? Chumba unacholalia ni makao yako. Aseme juu ya chake.

Mtu akichukuliwa, mujulishe kamati usiku ule ule. Kifungu cha 18 cha Katiba kinapatia polisi masaa 48 tu: wamuachilie ao wamufikishe kwa wenye mamlaka. Sanduku letu linaweza kulipa pikipiki mpaka parke. Avoka, hapana, ndiyo tunaomba wafadhili watusaidie.