Kupanga Matofali ya Moto wa Uani

Wazee na akina mama wa Mongbwalu, kabla ya kujenga mahali pa moto uani, hesabuni vitu kwanza. Fungeni kamba ya sentimeta 38 kwenye kijiti, mzungushe duara. Matofali yaliyochomwa, yenye upana wa sentimeta 12, vichwa vikielekea ndani, 20 hutosha mstari mmoja. Mistari mitatu ni 60. Ongezeni 10 kwa yatakayovunjika. Yashikizeni kwa udongo wa kichuguu na mchanga. Mawe ya mtoni msitie: maji yaliyomo huyapasua motoni, na vipande huumiza watoto. Wachimba dhahabu nao wasichome zebaki hapo. Mvuke wake hauonekani, nao ni sumu kwa nyumba nzima.