Njia ya Miguu ni Afya ya Mtoto

Leo tuzungumze kuhusu barabara anayopita mtoto wako akienda shule.

Mtoto mdogo hawezi kukadiria mwendo wa matatu inayokuja, na kwa kimo chake dereva hamwoni upesi. Kumwambia "chunga magari" hakutoshi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri magari yasizidi kilomita 30 kwa saa mahali watoto wanapotembea. Gari likienda polepole, dereva huwahi kusimama.

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera ya kuwajali waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Lakini karatasi haijengi njia, lazima tudai.

Anzeni hivi. Kina mama watano mtembee njia ya shule. Andikeni panapokosa kivuko, matuta au taa, na pale vibanda au magari yamefunga njia ya miguu. Kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa haki ya kupeleka ombi serikalini. Mpelekeeni mwakilishi wa wadi mapema, kabla bajeti ya kaunti haijapitishwa mwezi wa Juni.

Wakati mnangoja, mshike mtoto mkono mnapovuka. Kwaherini.