Baada ya Kushushwa

Leo napenda tufikiri pamoja juu ya neno ambalo hakuna apendaye kulisikia likisemwa juu yake: kushushwa.

Katika Luka sura ya 14 Bwana Yesu asimulia juu ya mgeni aliyeketi mbele arusini, kisha akaombwa ampishe mwingine. Sisi wahubiri tumezoea kumsema mtu huyu kwa kiburi chake. Lakini kule nyuma, je, alikula? Au alichukua kofia yake akaenda zake? Injili haituambii.

Nauliza kwa sababu ya kijana mmoja wa jirani zetu Watanzania. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Mpira wa kikapu alianza kuucheza akiwa na miaka kama kumi na mitano, umri ambao wenzake Marekani wameucheza tangu utotoni. Kimo chake kilifika sentimita 221; milango mingi ya makanisa yetu angeiinamia. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Connecticut alisifiwa sana kwa kuzuia mipira ya wapinzani, na mwaka 2009 timu yao ilifika nne bora za vyuo vya Marekani.

Tarehe 25 Juni mwaka huo, mjini New York, timu za ligi kuu ya NBA zilichagua wachezaji wapya. Memphis Grizzlies walikuwa na nafasi ya pili, wakamchukua Hasheem. Akawa Mtanzania wa kwanza katika ligi hiyo. Stephen Curry, ambaye vijana wetu huvaa jina lake mgongoni, siku hiyo alichaguliwa wa saba.

Haikupita miezi tisa. Februari 2010 Memphis walimpeleka Hasheem kwa muda katika ligi ndogo, timu ya Dakota Wizards. Mtu aliyechaguliwa juu namna ile hakuwahi kushushwa huko kabla yake. Angalieni, ndugu zangu: mgeni wa Luka alijichagulia kiti. Huyu alikalishwa na watu wazima wenye vipimo vyao na hesabu zao, lakini haya ikawa yake peke yake.

Alirudi Memphis, akahamishiwa Houston, kisha Portland, kisha Oklahoma City, hadi mwaka 2014. Katika misimu hiyo mitano alipata pointi mbili na kitu kwa kila mchezo. Mpaka leo wako wanaolitaja jina lake wanapohesabu chaguo mbaya za NBA. Mimi naona hesabu hiyo haikukamilika. Mwaka 2017 alikwenda kucheza Yokohama, Japani. Msimu wa 2020 ulipoanza Taiwan, alikuwa uwanjani na timu ya Hsinchu, mwenye miaka thelathini na mitatu, akizuia mipira kama zamani. Kule nyuma, huyu alikula.

Sasa nigeuke kwetu. Mashine za kuchuma chai zimeingia mashambani, na Mei 2023 nyingine zilichomwa moto hapa Kericho kwa uchungu wa kazi zilizopotea. Sitaki kulihukumu jambo hilo kwa dakika chache za redio. Namfikiria mama aliyekuwa wa kwanza kwenye mizani, kilo zake zikitajwa kwa sauti wote wasikie, na sasa apalilia shamba la jirani kwa kibarua cha siku. Wengine wameacha hata kuja kwenye ushirika wa akina mama, wasije wakaulizwa habari za kazi.

Mama, kama wewe ndiwe unayenisikia, njoo Alhamisi hii. Nanyi wenzake, akiingia msimwulize alikuwa wapi. Msogeleeni nafasi kwenye benchi, mpeni chai.