Wanawake Wahudumu wa Afya Vijijini

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ni mkazi wa kijiji aliyepewa mafunzo ya kuelimisha kaya na kuziunganisha na zahanati. Nchini Tanzania, mpango jumuishi uliozinduliwa Januari 2024 umelenga kuweka wahudumu wawili katika kila kitongoji, mwanamke na mwanamume.

Nafasi ya mwanamke ina uzito wake. Mama mjamzito humweleza mwanamke mwenzake mambo ambayo angeyaficha mbele ya mwanamume. Mhudumu humhimiza kuanza kliniki mapema, kulala ndani ya chandarua, kujifungulia kituoni na kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6.

Mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe wa rangi. Kipimo chini ya sentimita 11.5, penye rangi nyekundu, ni utapiamlo mkali, na mtoto hupelekwa kituoni mara moja. Anayeharisha hupewa ORS, mchanganyiko wa kurudisha maji na chumvi mwilini, na mama hufundishwa dalili za hatari: macho kuzama, kulegea, kushindwa kunywa, au damu kwenye choo.

Elimu hii huzaa matunda kamili zahanati inapokuwa na dawa na mhudumu anapopata posho na vifaa kwa wakati.